Maegesho kwanza, mashua baadaye: jibu kwa mwanafunzi anayetaka kuishi majini Oxford

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu Oxford, nchini Uingereza, kwa muda wa miaka minne hivi. Nimepiga hesabu na kuona kwamba kodi ya chumba itameza sehemu kubwa ya posho yangu. Nina akiba kiasi, na nimeona tangazo la mashua ya chuma ya urefu wa mita 15, yenye kitanda, jiko na choo, inayouzwa kwa bei ninayoweza kuimudu. Nitapata wapi maegesho ya bei nafuu ya kuishi humo? Na je, ni kweli kwamba mtu anaweza kukwepa gharama ya maegesho kabisa kwa kuhamahama mferejini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili nitayajibu, lakini kabla ya yote nakusihi usitume hata pauni moja kwa muuzaji wa mashua hiyo kabla hujawa na mkataba wa mahali pa kuifunga. Mashua za kuuza zipo kila wiki ya mwaka, na ukiikosa hii utapata nyingine. Kilicho adimu katika eneo la Oxford ni mita 15 za ukingo ambapo sheria inakuruhusu kulala kila usiku kwa miaka minne. Wanafunzi wengi huanza na mashua kwa sababu mashua ndiyo inayoonekana na kupendeza, kisha hujikuta wana nyumba isiyo na pa kukaa, huku leseni, bima na matengenezo vikiendelea kudai malipo.

Elewa kwanza kwamba maegesho si ya aina moja. Yapo ya makazi, ambayo mwenye eneo amepata kibali cha mipango miji kutoka halmashauri ili watu waishi humo mwaka mzima, na yapo ya mapumziko, yaliyokusudiwa kwa mtu mwenye nyumba kwingine anayekuja kutembea na mashua yake mwishoni mwa wiki. Tofauti hii imo katika kibali na katika mkataba, wala huwezi kuiona kwa macho, kwa kuwa gati ni lile lile, bomba la maji ni lile lile na nguzo ya umeme ni ile ile. Bei hutozwa kwa urefu wa mashua. Maegesho ya mapumziko mashambani mara nyingi huwa kati ya pauni 2,000 na 4,000 kwa mwaka. Ya makazi huwa juu zaidi, na katika jiji la London yanaweza kuvuka pauni 10,000. Kwa hiyo unapoona tangazo la bei ya kuvutia, swali lako la kwanza liwe kama kibali chake ni cha makazi, na jibu ulipate kwa maandishi.

Utakutana na watu watakaokwambia uchukue maegesho ya mapumziko na kuishi kimyakimya, kwa kuwa wengi hufanya hivyo. Ni kweli wengi hufanya hivyo, na baadhi ya wenye marina, yaani bandari ndogo za maegesho ya mashua, huvumilia idadi fulani ya usiku kwa mwezi bila kuuliza. Hata hivyo kwa mwanafunzi mgeni sikushauri hata kidogo. Mtu anayeishi kwa kujificha hawezi kutoa anwani ile chuoni wala benki, hawezi kudai bomba la maji lirekebishwe linapoganda, na anaweza kupewa notisi ya wiki chache katikati ya kipindi cha kuandika tasnifu bila kuwa na hoja yoyote ya kujitetea. Wewe pia una viza ya mwanafunzi, na viza hiyo inakutaka uwe na anwani ya kweli ambayo chuo kinaijua. Kuna njia ya wazi katika jambo hili: mwulize mwenye marina ni usiku mingapi kwa mwaka anaruhusu, na kama jibu lake halitoshi mwaka wa masomo, mshukuru uendelee kutafuta.

Sasa tuitazame ramani. Chuo Kikuu cha Oxford kina kanuni ya ukaazi: mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa kuishi ndani ya maili 6 kutoka Carfax, njia panda ya katikati ya mji, na mwanafunzi wa shahada za juu anayesoma kwa muda wote ndani ya maili 25, yaani kama kilomita 40. Umbali huu hupimwa kutoka Carfax na si kwa kufuata mizunguko ya maji, na hapo ndipo bahati yako ilipo, kwa sababu duara la maili 25 linakumba karibu sehemu yote ya kusini ya Mfereji wa Oxford hadi mji wa Banbury. Mfereji huo, uliofika Oxford mwaka 1790, umefuata bonde la mto Cherwell, na reli ya kwenda Banbury imefuata bonde hilo hilo. Kituo cha treni cha Heyford kiko ubavuni mwa mfereji kabisa. Cha Tackley hakiko mbali nao. Na Banbury penyewe stesheni na mfereji ni majirani. Thrupp, kijiji kidogo karibu na Kidlington, kiko umbali ambao mtu mwenye baiskeli nzuri anaumudu kila siku.

Hii ndiyo sababu nakwambia usianzie utafutaji wako mjini. Maegesho ya makazi ndani ya Oxford yapo, lakini ni machache, hupendwa mno, na huachwa mara chache sana. Anayengojea nafasi ya Jericho, mtaa wa Oxford ulio kando ya mfereji, anaweza kumaliza shahada kabla ya kuipata. Anza na vituo vya treni, kisha tafuta maegesho yaliyo ndani ya mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka kila kituo. Unapolinganisha bei, jumlisha na nauli ya mwaka mzima, maana maegesho ya pauni 2,500 yanayokulazimisha kupanda treni kila siku yanaweza kukugharimu zaidi ya yale ya pauni 4,000 unayofika kwa baiskeli.

Namna ya kuyapata inahitaji miguu zaidi ya kompyuta. Taasisi ya hisani iitwayo Canal & River Trust, iliyopokea mifereji ya Uingereza na Wales kutoka serikalini mwaka 2012, ina maegesho yake na hutangaza nafasi zilizo wazi kwenye tovuti yake chini ya jina la Waterside Moorings; jiandikishe upokee taarifa mapema, hata kabla hujasafiri. Marina za watu binafsi nazo huwa na orodha za wanaosubiri, na orodha hizo husogea kwa anayepiga simu kila mwezi kwa adabu kuliko kwa aliyetuma barua pepe moja akanyamaza. Lakini maegesho ya bei nafuu kabisa mara nyingi hayatangazwi popote. Mfereji una kingo mbili: mmoja una njia ya umma ambayo zamani farasi walipita wakiburuta mashua, na wa ng'ambo kwa kawaida ni ardhi ya mtu, aghalabu mkulima. Utaona mashua nne au tano zimefungwa kando ya konde, hakuna umeme, njia ni tope, na maji huchotwa mbali. Hayo ndiyo maegesho ya bei ya chini. Tembea kwenye njia ile siku ya Jumamosi, wasalimie walio kwenye mashua, waulize nani mwenye ardhi na kama kuna anayepanga kuondoka. Watu wa mferejini hupenda kuulizwa na mtu aliyekuja mwenyewe. Ukimpata mkulima, muulize mambo mawili: kama ana makubaliano na Canal & River Trust, maana kumiliki ukingo hakumpi moja kwa moja haki ya kupangisha maji, na kama halmashauri imeruhusu makazi hapo.

Nije kwenye swali lako la pili, la kuhamahama. Ndiyo, sheria inaruhusu. Sheria ya British Waterways (shirika la serikali lililosimamia mifereji kabla ya taasisi ile ya hisani) ya mwaka 1995, katika kifungu cha 17, inasema kwamba mashua isiyo na maegesho ya kudumu inaweza kupewa leseni iwapo itatumika kwa nia ya kweli ya kusafiri katika kipindi chote cha leseni, bila kukaa mahali pamoja mfululizo zaidi ya siku 14, au muda mrefu zaidi pale tu hali inapofanya jambo hilo kuwa la haki. Watu husoma siku 14 wakasahau maneno yanayotangulia. Kwenda na kurudi kati ya madaraja mawili yale yale kila baada ya wiki mbili si kusafiri, na wasimamizi wameeleza kwamba mashua inayozunguka katika eneo la chini ya maili 20 kwa kipindi chote cha leseni ina uwezekano mdogo wa kutimiza sharti hilo. Anayeonekana kutosafiri vya kutosha huweza kupewa leseni ya miezi sita tu akiangaliwa, na akiendelea hivyo anaweza kunyimwa leseni kabisa. Tena, tangu Aprili 2024 mwenye kuhamahama hulipia leseni nyongeza iliyoanza na asilimia 5 na inayopandishwa kila mwaka hadi kufikia asilimia 25 mwaka 2028.

Kwako wewe, kwa kuwa kanuni ya chuo inakupa maili 25, hesabu inawezekana: kutoka Oxford hadi kupita Banbury kwa maji ni safari inayozidi maili 20. Kwenye karatasi, basi, mtafiti asiye na maabara ya kila siku anaweza kupanda na kushuka mfereji huo kwa mwaka mzima bila kuvunja sheria yoyote. Lakini majira ya baridi yana kauli yake. Karibu na Shipton-on-Cherwell mfereji huingia ndani ya mto Cherwell wenyewe na kwenda pamoja nao kwa kitambo, na mto ukifurika hapapitiki. Mashua iliyo kaskazini hubaki kaskazini, na mwanafunzi wake huenda kwenye semina kwa treni ikiwa bahati imemweka karibu na Heyford, au kwa miguu tope likimfika magotini ikiwa haikumweka. Juu ya hayo, kati ya Novemba na Machi loki kadhaa, yaani yale malango ya kupandisha na kushusha mashua, hufungwa kwa matengenezo. Ratiba hutolewa mapema na lazima uipange safari yako kwa kuitazama. Wapo wanaohama miezi ya joto, kisha wakanunua maegesho ya majira ya baridi ambayo Canal & River Trust huuza kuanzia mwanzo wa Novemba hadi mwisho wa Februari; mpango huo nauona wa busara kwa mwaka wa tatu au wa nne wa masomo, ukishajua mashua yako na mto wako. Kwa mwaka wa kwanza, hapana.

Mto Thames, unaopita pale pale Oxford, una bwana mwingine na kanuni nyingine. Kutoka Cricklade hadi Teddington husimamiwa na Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, na leseni ya mfereji haitoshi huko. Kingo zake nyingi ni mali ya watu, vituo vya umma kwa kawaida ni vya kukaa kwa muda mfupi sana, na mkondo ukiwa mkali mbao nyekundu huwekwa kwenye loki kuwaonya wenye mashua wasisafiri. Mtu anaweza kukwama wiki nzima mahali alipoambiwa alale usiku mmoja. Maegesho ya kulipia kwenye Thames ni mazuri na yana mandhari ya kupendeza, ila uulize jinsi gati linavyofanya kazi maji yanapopanda: kama mashua inapanda nayo kwenye nguzo, au itabidi ulegeze kamba saa tisa ya usiku.

Kabla ya kutia saini mkataba wowote, fahamu udhaifu wa nafasi yako kisheria. Mashua ni mali inayohamishika, haihesabiwi kuwa sehemu ya ardhi. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua hivyo katika kesi ya mpangaji wa nyumba ya majini huko Chelsea, na tokeo lake ni kwamba aliyekodi makazi ya aina hiyo hawezi kutegemea kinga ile ya mpangaji wa nyumba. Kinachokulinda ni maneno ya mkataba wako tu. Soma muda wa notisi, soma nani anaweza kupandisha bei na kwa kiasi gani, soma kama umeme unauzwa kwa mita au kwa bei moja isiyobadilika, na soma kwa makini kuliko yote kifungu cha kuuza: je, ukiuza mashua, mnunuzi anarithi nafasi, au nafasi inarudi kwa mwenye eneo? Jibu la swali hilo linabadilisha thamani ya mashua yako siku utakapoondoka.

Lipo pia jambo la kukufariji ambalo wengi hawalijui. Maegesho ya makazi huweza kutozwa kodi ya halmashauri, mara nyingi katika daraja A, ambalo ni la chini kabisa, lakini makazi yanayokaliwa na wanafunzi wanaosoma kwa muda wote peke yao hayadaiwi kodi hiyo. Omba cheti cha mwanafunzi chuoni ukipeleke halmashauri mwenyewe, wasije wakakutoza kwa kukosa taarifa. Kuhusu daktari usihofu, kwa kuwa kliniki za NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, hazipaswi kukukataa kwa kukosa uthibitisho wa anwani. Barua zielekeze idarani kwako au kwenye ofisi ya marina ikikubali.

Gharama nyingine nitazitaja kwa haraka. Mashua yoyote katika mifereji hii lazima iwe na leseni, ambayo kwa mita 15 huzidi pauni 1,000 kwa mwaka, bima ya madhara kwa wengine, na cheti cha usalama kinachokaguliwa kila baada ya miaka 4. Chini yake hupakwa rangi nyeusi ya kuzuia kutu kila miaka miwili au mitatu, nje ya maji. Ongeza gesi ya kupikia, dizeli, makaa ya mawe kwa jiko la kupasha joto, na safari za kumwaga kaseti ya choo, yaani tangi dogo la uchafu linalobebeka. Kama hutakuwa na nguzo ya umeme, kumbuka kwamba masharti ya leseni yanakataza kuendesha injini ya kuchaji betri kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi karibu na watu wengine, na mwezi wa Desemba jua la huko halitoi cha maana kwenye sola. Mtu anayeandika tasnifu usiku ana sababu nzuri ya kulipia umeme wa gati.

Nitakaa kidogo kwenye jambo moja la usalama, kwa kuwa anayetoka nchi ya joto halizoei. Jiko la makaa ndani ya chumba cha chuma chenye madirisha yaliyofungwa linaweza kutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na inayoua watu wakiwa usingizini. Tangu Aprili 2019 kengele ya hewa hiyo ni sharti la cheti cha usalama. Ijaribu kila wiki, usizibe matundu ya hewa hata baridi ikikutesa kiasi gani, na usilale kamwe huku ukiwa umeingiza jiko la mkaa la kuchomea nyama ndani ili kupata joto.

Ukifikiria kukodi mashua ya mtu badala ya kununua, uwe mwangalifu mno. Anayepangisha mashua anatakiwa kuwa na leseni ya biashara, bima inayohusu wapangaji na cheti cha usalama cha mashua za kukodisha. Wengi wanaotangaza vyumba vya majini kwa wanafunzi hawana hata kimoja kati ya hivyo, na mashua nyingine hazina hata maegesho, hivyo anayehamishwa kila wiki mbili ni mpangaji. Omba kuona karatasi zote tatu. Akisita, ondoka.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, mwaka wa kwanza ningechukua chumba cha chuo, hata kama bei yake inauma, na ningeutumia mwaka huo kutembea mfereji kutoka Jericho hadi Banbury kwa vipande, nikijiandikisha kwenye orodha za marina na kuzungumza na watu wakati wa baridi hasa, kwa kuwa mahali palipo pazuri mwezi wa Julai panaweza kuwa kinamasi mwezi wa Januari. Kama ungekuwa unakuja kwa shahada ya mwaka mmoja ningekwambia uachane na wazo hili kabisa, kwa sababu gharama za kununua, kukagua na kuuza zingemeza chote ulichookoa. Miaka mitatu iliyobaki baada ya ule wa kwanza inatosha kwa hesabu kukaa sawa.

Na kuhusu mashua uliyoiona, mwandikie muuzaji maswali machache. Upana wake ni upi? Loki za Mfereji wa Oxford kaskazini ya mji zina upana wa futi 7 tu, na mashua pana haitapita. Cheti cha usalama kinaisha lini? Mara ya mwisho mkaguzi alipima unene wa chuma mwaka gani, na sehemu nyembamba kabisa ilikuwa milimita ngapi? Chini ya milimita 4 kampuni nyingi za bima zitakataa au zitadai bamba jipya lichomelewe, na kazi hiyo si ya bei rahisi. Mwisho muulize imefungwa wapi sasa hivi, kwa kibali cha aina gani, na kama mwenye eneo atakubali wewe ubaki pale baada ya kununua. Akijibu kwamba nafasi inabaki na mashua, mpigie simu mwenye eneo mwenyewe, siyo muuzaji, na umwombe akuandikie. Barua hiyo ikija, na mahali hapo pakiwa pa makazi ndani ya maili zako 25, niandikie tena, tutazame pamoja bei ya mashua.